Kifuko cha maji kwenye kongosho la mama: nianzie wapi?

Binti_Konde

Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamooni wakubwa.

Naomba mawazo yenu, maana nyumbani kwetu tangu Jumanne hapalaliki. Mama yangu ana miaka 61, anakaa Konde, Pemba. Mwaka wa pili huu anatibiwa vidonda vya tumbo. Kila akila, khasa kitu chenye tui zito, hushika hapa chini ya chembe cha moyo, akakaa kimya mpaka imtulie. Vidonge vya vidonda keshameza vya kila rangi. Mwezi uliopita nikamvusha kwa boti aje kwangu Unguja apimwe upya.

Tukaenda kupiga ultrasaundi kwenye kituo kimoja cha binafsi. Yule kijana mpimaji alikuwa msemaji, tangu tunaingia anamtania mama kwa Kipemba. Akafika katikati ya tumbo, akanyamaza. Akarudisha kile kidude pale pale, akakandamiza, akamwambia mama alalie ubavu, akaongeza yale mafuta ya baridi, akapiga picha nne. Mama naye si mtoto, akanitazama. Kijana alipomaliza akasema tu, "Mpelekeeni daktari karatasi hii," na utani wote umekwisha.

Karatasi yote Kiingereza. Daktari akatufasiria: mawe kwenye nyongo hakuna, ini zima, ila kwenye kongosho, sehemu ya katikati, kuna kifuko cha maji cha sentimita 2.4. Akauliza mawili matatu, mojawapo kama mama amewahi kutumia pombe. Baba alikuwa amekaa pembeni. Akainuka, akavaa viatu vyake, akatoka. Mpaka leo anasema yule daktari hakulelewa. Tukaandikiwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, na foleni nje ilikuwa ndefu, kwa hiyo mengine sikuyauliza.

Sasa njooni kwenye familia. Mamkubwa anasema hiyo ni saratani, hakuna cha kupima, kongosho likishaguswa mtu hakai. Ami yangu anataka mama apelekwe India mwezi huu huu akapasuliwe, na keshazungumza na mtu wa kuweka rehani mikarafuu kumi na minane. Baba hasemi. Mama mwenyewe ana suali moja tu, ananiuliza asubuhi na usiku: "Maji hayo yameingiaje?" Na mimi sina jawabu.

Ana sukari mwaka wa sita huu, anatumia metformini. Mwili haujapungua. Macho meupe, hayana umanjano. Nataka kujua: je, ni saratani? Kitolewe? Na kama ultrasaundi imeshakiona, MRI ya nini tena? Aliyepitia aniambie ukweli, asinipake mafuta.

---

Mzee_wa_Pwani

Pole sana binti. Chemsha majani ya mstafeli, kikombe asubuhi na kikombe jioni, siku arubaini. Jirani yangu alikuwa na uvimbe mkubwa kuliko huo na sasa anacheza bao. Hospitali watakumalizia pesa.

---

Fundi_Jangombe

Dada usiogope, hili letu pia. Mtoto wa dada yangu, miaka tisa, alianguka na baiskeli, ncha ya usukani ikamchoma juu ya kitovu. Siku ile alilia, akapewa panadoli, akarudi kucheza. Usiku akaanza kutapika. Akalazwa, wakasema kongosho limeumia. Akatoka. Wiki ya tano tumbo likajaa upande wa juu, gumu kama dafu, akila vijiko vitatu anasema kashiba. Ultrasaundi: kifuko cha sentimita 8!

Sisi tukadhani atapasuliwa kesho yake. Daktari akasema tusubiri. Kila wiki mbili tunakwenda anapimwa, 8, 7, 5, na mwezi wa nne hakipo. Hakuna sindano, hakuna kisu. Kwa hiyo subirini tu, kitanywea chenyewe.

---

Mwalimu_Mstaafu_Mkoani

Wa alaykum salaam mwanangu. Nilisomesha baiolojia skuli za Pemba mpaka nikastaafu, na kifuko kama cha mama yako ninacho tangu 2018. Kwa hiyo nakujibu kwa pande zote mbili, ya ubao na ya kitanda cha hospitali. Nitaandika kirefu, nivumilie.

Kwanza suali la mama, ndilo la maana kuliko yenu nyote. Hayakuingia. Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula, urefu wake kiasi cha sentimita 15, kichwa kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba upande wa kulia, mkia unakaribia bandama upande wa kushoto. Ndani yake unapita mrija mmoja mkubwa, na mirija midogo inaingia humo kama vijito vinavyoingia mtoni. Humo hupita maji ya kumeng'enyea chakula, na ni maji makali, yanayeyusha nyama. Insulini nayo hutoka hapo hapo lakini ina njia yake, inaingia kwenye damu. Basi kifuko kimetengenezwa na kongosho lenyewe, hakuna kilichotoka nje.

Sasa hapa ndipo Fundi alipochanganya, na simlaumu. Kongosho likiumia, kwa usukani wa baiskeli, au kwa kijiwe cha nyongo kilichokwama mlangoni, au kwa pombe, yale maji makali huvuja, na mwili huyajengea ukuta. Ukuta wake ni kovu tupu, hauna ngozi ya ndani inayozalisha kitu, ndiyo maana vingi hunywea. Visiponywea, vikabana tumbo au vikaingia usaha, hufunguliwa njia vimwagikie kwenye mfuko wa chakula, kwa mpira unaopitishwa mdomoni au kwa kisu. Hicho ndicho cha yule mtoto. Mama yako hajapigwa wala hajalazwa kwa kongosho kuvimba, kwa hiyo usimwekee matumaini ya baiskeli.

Na mwambie baba, kwa heshima zote, vijiwe vya nyongo na pombe ndizo sababu mbili za mwanzo za kongosho kuvimba, dunia nzima. Suali lile huulizwa kila mtu. Mimi nimeulizwa nikiwa na buibui langu na tasbihi mkononi. Daktari angeacha kuliuliza ndiyo ningekasirika.

Vifuko vya aina ya pili ni vile ambavyo ngozi yake ya ndani ndiyo inayozalisha. Kuna vinavyotoa maji mepesi, vimejaa vyumba vidogo vidogo mfano wa sega la nyuki, huwapata zaidi wanawake wa makamo na wazee, na karibu vyote havigeuki kuwa saratani. Kuna vinavyotoa ute. Hivi vya ute ndivyo vinavyotazamwa kwa jicho kali, kwa kuwa baadhi yake, si vyote, vinaweza kugeuka baada ya miaka. Kimoja ni cha wanawake karibu peke yao, hukaa mwilini au mkiani mwa kongosho, hakina mlango na mrija. Kikifika sentimita 4, au kikiwa na kinundu ndani, au kikiuma, hushauriwa kitolewe. Kingine huota kwenye mirija yenyewe. Kikiwa kwenye kijito, watu wengi hukaa nacho miaka wakipimwa tu. Kikiwa kwenye mto mkubwa, mrija ukapanuka mpaka milimita 10 na zaidi, hapo hawachezi, mazungumzo ni ya upasuaji. Kiko na kingine cha wasichana, nusu nyama nusu maji, hicho hutolewa, lakini mama yako si msichana.

Umeona basi kwa nini "je, ni saratani?" haina jawabu kwenye ultrasaundi ya tumbo. Ile inasema kipo, na kipo kiasi gani, tena kwa shida maana gesi ya matumbo hulificha kongosho. MRI ndiyo inayoonesha kama kifuko kina mlango na mrija, mrija una upana gani, ndani kuna kinundu au ni maji matupu. Msiweke rehani mkarafuu hata mmoja kabla ya picha hiyo. Mwambie ami yako nimesema mimi, kama ni mtu wa kusini huenda nilimsomesha.

Sasa yangu. Mwaka 2018 nilishikwa na maumivu ya ubavu, nikavuka Dar, nikapigwa siti skani kutafuta mawe ya figo. Jiwe likaonekana. Chini ya karatasi, mstari wa mwisho, kama mtu aliyekumbuka jambo anafunga mlango, wameandika kifuko kwenye kongosho, kiasi cha sentimita 1.4. Ndivyo wengi tunavyogundulika, unatafutwa ugonjwa mwengine. Nikaambiwa nirudie baada ya miezi sita, kisha kila mwaka. Nikapewa CD.

Ile CD nikaitia kwenye droo ya kabati. Mume wangu, Mwenyezi Mungu amhifadhi, ana shamba la mpunga bondeni. Mpunga ulipotoa mashuke, ndege wakashuka, naye akasikia kwa wenzake kuwa CD zikining'inizwa zinawatisha kwa mwanga. Akakusanya za nyumba nzima. Za taarabu, za harusi ya binti yetu, na ya kongosho langu.

Miezi sita sikurudia. Mwaka sikurudia. Sina udhuru, jiwe lilikwisha, maumivu yakaisha, nikajisahau. Nikaja kurudia mwaka 2020, mara hii kwa MRI, na jawabu likaja sentimita 2.6. Daktari akauliza, "Ile picha ya kwanza iko wapi?" Kwa sababu kukua haraka ni moja ya dalili za kutia wasiwasi, lakini siti na MRI hazipimi sawasawa kila mara, na karatasi ya mwanzo haikusema walipima kutoka wapi kwenda wapi. Angekuwa na picha zote mbili angeziweka ubavu kwa ubavu, dakika kumi, yamekwisha. Kule nilikopigwa mwanzo walikuwa wamebadilisha mashine na picha za zamani hawakuzihifadhi. Nikarudi Pemba nikaenda mwenyewe bondeni. Niliiona. Imefungwa kwa uzi wa nailoni kwenye mti wa mkonge, inazunguka kwa upepo, jina langu bado linasomeka kwa wino wa bluu, upande wa pili umechubuka wote na jua limeula. Nikasimama na maji ya bonde yananifika kifundoni. Mume wangu akasema, "Lakini mpunga mwaka ule tuliuvuna." Mpaka leo sijui kama alikuwa anajitetea au ananipa pole.

Kwa kukosa sahani ile moja ya plastiki ikabidi nifanyiwe kipimo cha sindano. Ndugu yangu anaishi Muscat, akaniita, nikafanyiwa huko mwaka 2021. Wanakulaza usingizi, wanapitisha mpira mdomoni mpaka tumboni, ncha ya mpira ina ultrasaundi ndogo. Kwa kuwa kongosho liko nyuma ya ukuta tu, linaonekana karibu mno, kisha sindano nyembamba inavuka ukuta huo na kuvuta maji ya kifuko. Kina hatari zake, kongosho linaweza kuvimba, damu inaweza kutoka, ndiyo maana hawafanyi kwa kila mtu. Mimi niliumwa siku mbili, basi.

Daktari wa huko alinieleza jambo ambalo ningelijua zamani ningelisomeshea. Tone la maji ya kifuko unaliweka baina ya vidole viwili unavitanua. Yangu yalivutika kama mlenda wa bamia. Ndiyo ute huo. Wakapima na sukari iliyomo kwenye maji ya kifuko: ikawa chini sana, na hiyo nayo ni alama ya ute. Wakapima na CEA, ni protini moja inayotafutwa kwenye maji hayo, ikawa juu. Nikalia, nilidhani ndiyo saratani. Akanituliza: CEA ya ndani ya kifuko inakwambia ni kifuko cha ute au si cha ute, haikwambii saratani ipo au haipo. Seli zilikuwa safi, mrija mkubwa haukupanuka, kinundu hakuna. Nikarudi Pemba na kifuko changu, na kila mwaka nakwenda kukichungulia. Cha mwaka jana kilikuwa 2.7.

Jambo la India. Siisemi vibaya, watu wamepona huko. Ila jirani yangu alikimbizwa kama anavyotaka kukimbizwa mama yako, ukoo mzima umechanga. Alikatwa mkia wa kongosho pamoja na bandama. Kinyama kilipopimwa, kilikuwa kile cha sega la nyuki, kisichogeuka. Labda kilikuwa kinambana, sikuwepo, sihukumu. Lakini leo anajidunga insulini, na kwa kukosa bandama alichanjwa chanjo za nimonia na za homa ya uti wa mgongo, na homa yoyote, hata ya usiku wa manane, lazima akimbie hospitali. Na huo ni mkia. Kichwani upasuaji ni mkubwa zaidi, wanatoa kichwa cha kongosho, kipande cha utumbo, kibofu cha nyongo, kisha wanaunganisha upya. Ukihitajika, unaokoa maisha. Suali ni kama unahitajika.

Siku ya MRI: asipake wanja, baadhi yake yana chembe za madini. Bangili, hereni, pini za mtandio, vyote vibaki kwako. Mashine inapiga kelele kama mtu anatwanga kisamvu ndani ya sikio lako, na ataambiwa ashike pumzi mara nyingi. Mfanyishe mazoezi nyumbani, ashike pumzi uhesabu mpaka ishirini. Picha ya kongosho ikitikisika haina faida.

Na CD uichukue wewe. Iweke mbali na wakulima.

---

Zamu_ya_Usiku

Mwalimu kamaliza, mimi naongeza nikiwa wodini, kwa haraka.

Dada, kifuko cha sentimita 2 mara nyingi hakiumi. Kwa hiyo maumivu ya mama baada ya kula yasisahauliwe kwa sababu mmepata jina kubwa la kuogopa. Amepimwa bakteria wa vidonda, H. pylori? Kipo kipimo cha kinyesi, si ghali. Nimewaona wengi wanaokunywa dawa za vidonda miaka bila kupimwa huyu mdudu.

Kabla ya picha apimwe figo, yaani kreatinini. MRI na siti zote zinaweza kuhitaji dawa ya kuchomwa mshipani ili picha ing'ae, na figo mbovu huwa ni suala. Akibadilishiwa kikawa siti, aseme mapema kuwa anatumia metformini. Figo zikiwa dhaifu anaweza kuambiwa aisimamishe kwa siku mbili tatu. Asijisimamishie mwenyewe.

Msisubiri picha, njooni hospitali, kama: macho yamekuwa manjano, mkojo wa rangi ya chai kavu na choo cheupe, maumivu makali yanayopenya mgongoni na kutapika, homa, kupungua mwili bila sababu. Sukari kuja ghafla kwa mtu ambaye hakuwa nayo, au sukari iliyokuwa imetulia kuharibika bila kubadilisha chakula, nayo mumwambie daktari. Huyu wetu ana sukari ya miaka sita, hiyo peke yake hainitii wasiwasi, ila mlinganishe vipimo vyake vya mwaka huu na vya mwaka jana.

Kuna kipimo cha damu kinaitwa CA 19-9, huenda mkaandikiwa. Kinapanda pia kwa nyongo kuziba na mambo mengine, kwa hiyo namba ikiwa juu si hukumu, na ikiwa chini si hati ya usalama. Kinasomwa pamoja na picha.

Mzee wa Pwani, shikamoo. Uvimbe wa jirani yako ulikuwa wa wapi? Mstafeli haujaonekana kunyausha kifuko cha kongosho, na mgonjwa wa sukari kunywa majani siku arubaini juu ya metformini mimi simshauri. Naitwa, kwaherini.

---

Mzee_wa_Pwani

Marahaba. Ulikuwa wa shingoni.

---

Binti_Konde

Wiki tatu nimepotea, nisameheni, ilikuwa mbio.

MRI imefanyika. Mama hakupaka wanja kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema anajiona kama kapata msiba. Mazoezi ya pumzi tulifanya barazani, watoto wa jirani wakawa wanahesabu kwa sauti, alifika ishirini na mbili. Alipotoka kwenye mashine nikamuuliza kulikuwaje. Akasema alianza kusoma Yasini kimoyomoyo, na kila akifika pazuri mashine inamwambia ashike pumzi.

Jawabu nalinakili kama nilivyofasiriwa: kifuko cha sentimita 2.2, umbo lake kama kishada cha zabibu, kina mlango na mrija mdogo. Mrija mkubwa milimita 3, haukupanuka. Kinundu hakuna, ukuta haukunenepa. CA 19-9 iko kwenye kiwango. Daktari, huyu mwengine, mtu mzima, alikuwa na subira, akasema ni kile cha ute cha kwenye kijito. Hakuna upasuaji, hakuna sindano kwa sasa. Arudie baada ya miezi sita. Nikamuuliza kwa nini ultrasaundi ilisema 2.4 na hii 2.2, kimepungua? Akacheka, akasema hakikupungua, ni vyombo viwili na mikono miwili. Nikamkumbuka Mwalimu.

Zamu ya Usiku, Mungu akulipe. H. pylori amekutwa naye. Kapewa dawa za siku kumi na nne, na sasa siku ya tisa, jana kala samaki wa kupaka, hakushika tumbo. Miaka miwili!

Suali langu la sasa: miezi sita, halafu? Na ni mpaka lini?

---

Zamu_ya_Usiku

Alhamdulillah. Miongozo ya kimataifa ya Kyoto, toleo la 2024, kwa kifuko kilicho baina ya sentimita 2 na 3 kisicho na dalili za kutia wasiwasi inasema miezi sita mara mbili, kisha kila mwaka kama hakijabadilika. Daktari wenu anaweza kubadilisha kidogo kwa hali ya mama, mfuateni yeye. Wasiwasi unaanza upya kikifika 3, au kikikua milimita 2.5 na zaidi kwa mwaka, au mrija mkubwa ukifika milimita 5, au kikiota kinundu. Dawa za H. pylori amalize zote hata kama tumbo limetulia, na mwezi mmoja baadaye apimwe tena kuhakikisha mdudu kaondoka.

---

Mwalimu_Mstaafu_Mkoani

Mpaka lini, mimi nililiuliza hilo hilo. Nikajibiwa bila kuzungushwa: utapimwa madhali una nguvu za kupasuliwa. Siku umri au maradhi mengine yakisema hata kikibadilika hatutakugusa kwa kisu, kupima kunakuwa kujisumbua. Nilipenda jawabu lile. Mama wa 61 bado ana safari nyingi za boti.

Na jina lenyewe la "kishada cha zabibu" ndiyo picha yangu pia. Mwambie mama tuna mali ya aina moja.

CD iko wapi?

---

Binti_Konde

Nimenakili kwenye simu yangu na kwenye kompyuta ya kazini. Yenyewe mama kaidai. Kaifunga kwenye kipande cha kanga, kaitia ndani ya kasha pamoja na hati ya shamba na cheti cha ndoa, na ufunguo anao shingoni. Nikamwambia suali lake nimepata jawabu, hayakuingia maji, kongosho lenyewe linatoa ute, kama mlenda. Akafikiri kidogo, akasema, "Kumbe mlenda," akaendelea kuchambua mchele. Hakuuliza tena.

Baba amerudi kuzungumza na madaktari. Alimuuliza yule mtu mzima kama na yeye angemuuliza mama suali lile la pombe. Daktari akasema ndiyo, na wewe pia ningekuuliza. Baba akanyamaza kisha akauliza kama anaweza kupimwa presha.

Ami kasharejesha pesa za watu. Ila yule bwana wa rehani anasema alishapalilia chini ya mikarafuu na anadai miwili ya usumbufu. Hilo nitalifungulia uzi wake, kama kuna anayejua sheria.